Nyumba ya Riruta na Uongo wa Isaiah

Kijana wa mauzo aliitwa Quincy, na viatu vyake vilikuwa na ile ncha ya kuulia mende kwenye kona. Alikuwa akitutembeza ndani ya maisoneti mpya ya ghorofa kule Kinoo. Isaiah, mume wangu, alikuwa mbele akiitikia kwa kichwa kila alichoonyeshwa. Mimi nilikuwa nyuma yao na sarafu ya shilingi ishirini mkononi, nagonga sakafu. Ko, ko, ko. Halafu kwang. Nikasogea taili inayofuata, kwang. Nyingine tena, kwang.

"Madam, kuna kitu umepoteza?" Quincy akaniuliza.

"Natafuta simiti," nikamwambia. "Hapa chini hamkuweka."

Isaiah akanikata jicho. Hapendi niongee hivyo mbele ya watu waliovaa tai. Lakini ninyamaze vipi? Nyumba ni ya jasho langu na lake, akiba ya sako yangu na yake, miaka ishirini na miwili ya kuishi kwa malandilodi. Na juu ya hayo, mimi nyumba mpya nazijua kuliko huyo Quincy anayeziuza.

Naitwa Peres. Kazi yangu ni kusafisha nyumba mpya. Fundi wa mwisho akishatoka, kabla mwenye nyumba hajaingia, hapo katikati ndipo tunapoingia mimi na wanawake wangu kumi na wanne. Tunakwangua rangi kwenye taili kwa wembe, tunang'oa simiti iliyogandia sinki, tunafuta vioo hadi ndege waje kujigonga. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na sita, natoka Kawangware kwa miguu alfajiri, napiga magoti kutwa nzima kwenye nyumba ambazo nikirudi kesho yake kuomba maji ya kunywa askari angenifukuza getini. Sasa nina kampuni, nina stampu, nina kitabu cha risiti, na magoti yameisha. Nikipanda ngazi yanalia.

Kwa hivyo usinieleze habari za nyumba mpya. Zile nyumba ishirini za kwanza za estate hiyohiyo ya Kinoo nilizisafisha mimi. Niliona ukuta wa bafu ukipakwa rangi na bado unatoa jasho. Tulifuta madoa, wiki ileile yakarudi, msimamizi akaita fundi apake tena. Mara ya tatu nilipomwita aje aone, akaniambia, "Peres, wewe ni wa kusafisha, usijifanye injinia." Leo Quincy ananionyesha ukuta kama huo na kuniambia ni finishi ya kisasa. Nkt!

Sisemi Isaiah ni mjinga. Anatunza maabara ya shule moja ya sekondari huko Hurlingham, ni mtu mpole, anajipigia pasi shati zake mwenyewe. Alipenda lile geti lenye askari, alipenda ile kabro iliyotandazwa nje, alipenda kuwa mtu wa kwanza kuwasha taa humo ndani. "Peres, maisha yangu yote natumia vitu vya watu," aliniambia tukirudi. "Hata hii gari yetu, Probox, ilikuwa ya mtu." Hapo nilimwelewa. Nikamwambia sawa, twende tuangalie na ile ya Riruta, halafu tuchague.

Ile ya Riruta iko ndani kidogo ukitoka Dagoretti Corner. Ilikuwa ya nesi mstaafu anayeitwa Wamucii. Mumewe alifariki kitambo, watoto wako ng'ambo, naye alikuwa anahamia kwa dadake Limuru. Nyumba ya mawe, haina ghorofa, vyumba vitatu, sakafu ya simiti nyekundu iliyopigwa polishi miaka arobaini na zaidi. Niligonga sarafu yangu kila chumba, na hakuna mahali palipolia vibaya. Ukuta ulikuwa mkavu. Milango ilikuwa ya mbao ngumu, unaifunga unajua umefunga. Uani kulikuwa na mparachichi na kamba za nguo zinazopata jua mchana kutwa. Ilikuwa na mambo yake pia, sikatai. Mabati ya jikoni yalikuwa yameoza, waya za stima zilikuwa za zamani, na choo kilivutwa kwa mnyororo. Hayo yote ni ya kurekebisha. Niliipenda hadi nikaogopa kufungua mdomo nisije nikapandishiwa bei.

Na Isaiah aliipenda. Haki ya Mungu, aliipenda. Alipima geti kwa hatua, akasema Probox itaingia na nafasi ibaki, akachekeshana na Wamucii kuhusu maparachichi. Kisha tukazunguka nyuma.

Nyuma kulikuwa na SQ, ile nyumba ndogo ya mfanyakazi. Chumba kimoja, choo ubavuni, mlango unaotazamana na mlango wa jikoni. Hapo nikapata wazo, na nikajiona mjanja sana.

Mama mkwe wangu anaitwa Ajwang, na ni mtu wa zamani. Halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Kwake hiyo ni mwiko na hataki mjadala. Kila akija Nairobi kutibiwa macho anakunywa chai kwetu, anakula kwetu, halafu saa kumi na mbili anabeba mfuko wake kwenda Kangemi kwa Veronicah, binti ya dadake, kulala kitanda kimoja na watoto. Mwanamke wa miaka sabini na minne, ana mtoto wa jicho macho yote mawili! Jambo hilo lilikuwa limeniuma miaka yote. Sasa hapa mbele yangu kulikuwa na nyumba iliyo ndani ya ua wetu lakini haiko chini ya paa letu. Mila haijaguswa, na Mama amelala karibu.

"Isaiah, kuja uone!" nikamwita. "Hii ni ya Mama! Ina mlango wake, ina choo yake, hakuna mtu atamsumbua."

Isaiah alisimama nje ya SQ bila kuingia. Akatazama ndani. Akageuka akatazama mlango wa jikoni. Kisha akaenda zake kwenye gari, na hata mwenye nyumba hakumuaga.

"Hiyo nyumba siitaki," akasema nilipoingia garini.

"Haa! Kwa nini?"

"Ilikuwa ya mwanaume mwingine. Na alifia hapo."

"Alifia hospitali. Si Wamucii ametuambia?"

"Ni sawa tu. Kwetu mwanaume hahamii boma ya mwanaume mwingine. Anajenga yake. Peres, hiyo unaijua."

Nilicheka kwanza, nikidhani ni mzaha. Nikamtazama, nikaona hakuna mzaha. Hapo damu ikaanza kunichemka. "Isaiah, tangu tuoane tumekodisha nyumba tisa. Hizo zote zilikuwa za nani? Za malaika?"

"Kukodisha ni tofauti."

"Na ile ya Kinoo, ni wewe umeijenga?"

"Hakuna mtu amelala ndani," akasema, akawasha gari.

Nataka ieleweke, mimi pia ni Mjaluo, na mila sizichezei. Lakini Isaiah? Huyu ambaye siku ya kwenda kujenga dala yake kule nyumbani, boma lake la kiume mbele ya ukoo mzima, ilibidi wajomba wamkumbushe kubeba jogoo? Huyu ambaye kwenye matanga ananiuliza mimi ni lini tunaruhusiwa kuondoka? Eti leo yeye ndiye askari wa mila! Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Nilikasirika zaidi kwa sababu mila ni kitu ambacho mwanaume akikiweka mezani, mwanamke hana la kujibu. Ukibisha, si yeye unayembishia, ni babu yake na babu ya babu yake. Wote hao walikuja kuketi jikoni kwangu, kule tulikokuwa tumekodisha Riruta Satellite, wiki mbili nzima.

Wiki mbili tuliishi kama watu wawili kwenye foleni ya benki. Nampakulia, naweka sahani mezani kwa kishindo. Anakula, anasema asante, anaosha sahani yake. Ningependa hata angenigombeza. Watoto wetu wawili wako chuo, kwa hivyo nyumba ilikuwa kimya. Nilimwambia kuhusu zile kuta zinazotoa jasho, akasema watarekebisha. Nilimwambia kuhusu sakafu, akasema zulia litafunika. Zulia! Kumwambia mwanamke anayelishwa na sakafu kwamba zulia litafunika!

Ijumaa Wamucii akanipigia simu. Kuna mtu amejitokeza, anataka kubomoa nyumba na kujenga vyumba vya kukodisha, ghorofa sita. "Mimi ningetaka mkae nyinyi," akaniambia, "lakini siwezi kungoja. Mnipe jibu Jumatatu." Nilipomwambia Isaiah, akajibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye gazeti kwamba hata yeye Jumatatu atatoka kazini mapema akatie sahihi ya Kinoo.

"Utatia na nani?" nikamuuliza. "Mimi sahihi yangu iko hapa kwa hii mkono, na haiendi Kinoo."

"Peres, hiyo nyumba ya Riruta siwezi. Wacha tu."

"Huwezi kwa nini?"

"Nimekuambia ni mila."

Akaingia kulala. Mimi nikabaki nikisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Jumamosi asubuhi Mama alifika kwa basi la usiku. Kliniki ya macho ilikuwa imempa siku ya Jumanne. Nilikwenda kumpokea mjini peke yangu, nikampeleka kwa hoteli moja River Road tunayopenda, nikamwagizia chai na mandazi. Najua mke hapeleki mashtaka ya mumewe kwa mama mkwe juu ya meza ya hoteli. Mimi nilipeleka. Nilimwaga yote, kuanzia Quincy na viatu vyake hadi jogoo. Kitu kimoja tu sikusema. Habari ya SQ niliificha, nikitaka kumshangaza akifika.

Mama alisikiliza akipuliza chai kwenye sosa. Mwisho akacheka, mabega yakimtetemeka. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Dala?" akasema. "Dala ya Isaiah si iko nyumbani? Si nilikuwa nimesimama hapo akijenga?"

"Ulikuwepo, Mama."

"Sasa Nairobi kuna dala gani? Nairobi ni nyumba ya kukaa. Ukae ya Mhindi, ukae ya Mkikuyu, ukae ya marehemu, siku ukifa si tunakubeba tunakupeleka nyumbani? Hiyo mila nani alimfundisha? Yawa! Babake alikufa akiwa mdogo, mila yote aliyonayo nilimwambia mimi, na hiyo sijawahi kumwambia."

Sikiliza, nilifurahi vibaya. Nilitaka kumkumbatia katikati ya hoteli. Lakini Mama hakuwa anafurahi. Alikuwa amekaza taya. "Huyo kuna kitu anaficha," akasema. "Anachukua mambo ya wazee kufunikia kitu chake. Nipeleke kwa hiyo nyumba. Sasa hivi."

Tukachukua teksi. Tukiwa njiani nikampigia Isaiah. "Mimi na Mama tunaenda Riruta kuona nyumba," nikamwambia. "Amesema mila yako haijui. Kuja umfundishe."

"Peres, usimpeleke." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nakuomba. Mpeleke popote lakini usimpeleke huko."

Nikamkatia simu. Nilijua nimemshika, na niliona raha, sitadanganya.

Wamucii alikuwa amesimama barazani kutupokea. "Karibu mama, karibuni ndani," akasema, akafungua mlango wa mbele. Mama alimsalimu vizuri kwa mikono miwili, kisha badala ya kupanda ngazi za baraza akafuata kile kijia cha kando ya nyumba, mkono mmoja ukigusa ukuta, kuelekea nyuma. Nilidhani macho ndiyo yanampoteza.

"Mama, mlango ni huku!" nikaita.

Akaendelea tu. Nikamfuata, Wamucii akanifuata na funguo. Nikasema basi, ni sawa, aanze na zawadi yake. Nilimkuta amesimama mbele ya SQ, mfuko wake ungali begani. Nikamfungulia mlango, nikasimama kando, na nikatoa yale maneno niliyokuwa nimeyatunza wiki mbili.

"Mama, hiki ni chumba chako. Ina mlango yake, ina choo yake, hakuna mtu atakusumbua."

Mama aliingia. Hakuangalia dirisha wala choo. Aligeuka, akainua mkono juu ya mlango kwa upande wa ndani, akapapasa ukuta, na vidole vyake vikasimama kwenye kitu cha mviringo kilichopakwa rangi pamoja na ukuta. Mimi siku ile ya kwanza sikukiona kabisa.

"Iko," akasema.

"Ngai, hiyo kengele!" Wamucii akasema. "Tuliinunua na nyumba, hatujawahi kuitumia. Ilikuwa ya kuita mfanyakazi kutoka huko ndani."

"Yangu ilikuwa juu ya kitanda," Mama akasema. "Ikilia usiku, mtoto anaruka."

Nilikuwa bado sijaelewa. Ndiyo kwanza nilikuwa nafungua mdomo niulize, nikasikia Probox ikipiga breki getini na miguu ikija mbio. Isaiah alitokea kwenye kona ya nyumba, shati limetoka nje, pumzi juu juu.

"Mama, toka huko," akasema. Halafu akapaza sauti. "Toka huko ndani!"

Miaka ishirini na miwili sijawahi kumsikia Isaiah akimpazia mamake sauti. Mama hakutoka. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda kitupu cha chuma kilichokuwa humo, akavua miwani yake nyeusi, akanitazama mimi.

"Miaka kumi na nne nilifanya kazi Spring Valley," akaniambia. "Kazi ya nyumba. Nilipika, nilifua, nililea watoto wa watu. Huyu aliishi na mimi kwa chumba kama hii mpaka akawa na miaka kumi. Hakukuambia?"

"Aliniambia ulikuwa unauza samaki Gikomba."

"Samaki?" Akamgeukia mwanawe. "Isaiah. Mimi? Samaki?"

Isaiah alinigeukia mimi, na yote aliyokuwa ameyafungia yakanilipukia usoni.

"Wageni wao wakija nilikuwa naambiwa nisivuke ua wa miti ya kayaba! Nakaa chini ya kitanda na kitabu mpaka waende! Watoto wao wakinirushia mpira nauokota nawarudishia, siruhusiwi kucheza! Niliapa Mama hatawahi tena kulala nyuma ya jikoni ya mtu. Na wewe unanisimamisha hapo, unacheka, unaniambia hii ni ya Mama. Kwa nyumba yangu, Peres! Mimi nikule huko ndani, na yeye nimuone kwa dirisha ya jikoni!"

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia hivyo! Hivyo hivyo unavyosema! Badala yake unaniletea wazee wa ukoo waliokufa, unanifanya mjinga wiki mbili!"

Tulikuwa tunapigiana kelele katika ua wa mtu, na Wamucii maskini amesimama na funguo zake hajui aende wapi. Jirani alichungulia juu ya ukuta. Sikujali. Hasira yangu ilikuwa tamu wakati huo, kwa sababu nilikuwa nina haki.

"Nyamazeni," Mama akasema.

Tukanyamaza.

"Wewe." Alimnyooshea Isaiah kidole. "Shule ulisomeshwa na samaki? Hiyo maabara uliingia kwa samaki? Nimevunja mgongo wangu huko ukasoma, ukaoa, ukajenga dala, na unaona haya kutaja jina la kazi yangu. Mbele ya nani? Mbele ya mke anayekwangua sakafu za watu na anatembea kichwa juu! Huyu naye unawaambia watu anauza nini?"

Isaiah aliangalia chini. Nikaona machozi yakimdondoka kwenye viatu, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema moyoni, mwambie tena, Mama.

Lakini Mama alikuwa amemalizana naye. Alinigeukia, na sauti yake ikashuka.

"Na wewe, nyathina, mwanangu, najua umesema kwa heshima. Yule mama wa Spring Valley pia alisema kwa heshima. Siku ya kwanza alinifungulia mlango kama wewe, akasimama kando kama wewe. Akaniambia, Ajwang, hiki ni chumba chako, kina mlango wake, kina choo chake, hakuna mtu atakusumbua."

Nilihisi uso ukiwaka moto. Miaka kumi na tisa nimepiga magoti katika nyumba za watu. Nimekula ugali wangu nimesimama nje ya jikoni niliyoiosha mwenyewe. Nimeona SQ mia, na nimezisafisha, na najua zinawekwa upande usio na jua. Nikapewa nafasi ya kumpa Mama chumba, nikampa hicho, na nikajipongeza. Haki yangu yote niliyokuwa nayo dakika moja nyuma ilikwisha hapo, nikabaki na hasira tu na hakuna wa kumpelekea isipokuwa mimi.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Ungeniuliza. Hata huyu angeniuliza. Mmegombana wiki mbili juu ya mahali nitalala, na mimi nina simu." Akavaa miwani yake. "Sasa nyumba mnunue ama muache, hiyo ni yenu. Mkinunua msiseme ni kwa sababu ya mama. Mkiacha msiseme ni kwa sababu ya mama."

Akasimama, akamwomba Wamucii msamaha kwa kelele, akamuuliza kama ile chai aliyokaribishwa bado ipo. Wamucii alimshika mkono wakaondoka pamoja. Tuliwasikia wakipanda ngazi za baraza.

Mimi na Isaiah tulibaki uani. Alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Bado unaitaka?" akaniuliza mwishowe.

"Naitaka," nikamjibu kwa ukali. "Hata sasa hivi vile nimeaibika, naitaka. Lakini sitaki unipatie kama mtu anayelipa faini. Uitake na wewe, ama tuiache ibomolewe."

Aliangalia nyumba, kuanzia mabati mabovu ya jikoni hadi kona ya baraza. "Ukuta ni mkavu," akasema. "Nilijua tangu ile siku ya kwanza."

"Na ukataka kunipeleka kwenye jasho."

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu mbaya, Isaiah."

"Najua," akasema. Tukaingia ndani tukamwambia Wamucii kwamba jibu la Jumatatu tumemletea leo.

Jioni tulimpeleka Mama kwa Veronicah. Alikaa mbele kando ya Isaiah, mimi nyuma. Tulipopita Kawangware, Isaiah alikohoa, akasema kwa ile sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Mama, ile SQ nitaibomoa. Tukihamia tu, kitu ya kwanza. Hata tofali moja haitabaki."

Niliona shingo ya Mama ikikazana.

"Bomoa," akasema. "Nilikulea ndani ya moja kama hiyo, lakini wewe bomoa. Ukimaliza uwaambie watoto wako niliuza samaki."

Isaiah alitoa gari kando ya barabara akazima injini. Nyuma yetu watu walianza kupiga honi na kututukana. Mama alikaa ametazama mbele, mikono juu ya mfuko wake, na hakumwambia awashe wala asiwashe. Baada ya muda Isaiah akawasha mwenyewe.

Jumatatu tulitia sahihi kwa wakili. Tulihamia mwezi wa nane, na nilisafisha nyumba hiyo mwenyewe, sikutaka wanawake wangu wanisaidie. Tulimwandalia Mama chumba cha mbele chenye jua, akakisifu, akasema kizuri, na bado kila akija hataki kulala. Mwiko wake ni mwiko. Hunifanya nikasirike kila jioni, na nimekubali kukasirika.

SQ haikubomolewa. Siku ile ya kuhamia, binti yetu Becky alikuwa amekuja kutusaidia kubeba viti. Akaingia humo, akatoka akiuliza kama anaweza kupachukua awe anasomea, na kile kitu juu ya mlango ni cha nini. Nilikuwa jikoni. Nilitaka kujibu, nikajizuia. Isaiah aliweka chini kiti alichokuwa amebeba, akavuka ua.

"Hiyo ni kengele," akamwambia. Sauti yake ilikuwa kali, kana kwamba Becky ndiye aliyemkosea. "Kaa chini. Na usinikatize, kwa sababu nikisimama sitaanza tena. Nyanya yako alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya watu, na mimi nililala chini ya kengele kama hiyo miaka kumi."